Hollis wa Mwanamke Mwingine

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kaburi la baba, nikisawazisha mchanga kwa kiganja, Bi Opal Tidwell alipoita jina la ukoo wetu kwa sauti iliyofika hadi kanisani.

"Hollis! We Hollis! Rudi hapa, kuna magari huko!"

Niliinua kichwa. Akina Hollis tuliobaki duniani, kwa ninavyojua, tulikuwa wawili: mimi na shangazi Iva. Shangazi alikuwa papo hapo pembeni yangu, amekaa kwenye kiti cha kukunja, anajipepea kwa kitabu cha nyimbo. Si mimi wala yeye aliyekuwa akikimbilia barabarani.

Ndipo nikamwona mtoto. Wa miaka mitano hivi, nywele rangi ya ngano, shati limetoka nje ya suruali. Alisimama ukingoni mwa barabara, akageuka alipoitwa, bila mashaka yoyote, kama anayegeukia jina lake mwenyewe.

"Marla," shangazi alisema polepole, "yule mtoto kaitwaje?"

"Nimesikia kama ulivyosikia."

"Kaitwa Hollis."

"Ndiyo, shangazi."

"Na yule mwanamume anayekwenda kumshika mkono ni nani? Miwani yangu ina vumbi."

Miwani yake ilikuwa safi. Alitaka tu jina hilo litoke kinywani mwangu.

"Ni Pruitt," nikasema.

Huku kwetu, kwenye vilima vya kaskazini mwa Alabama, mwanamke akiolewa huacha jina la kwao mlangoni. Lakini akizaa mvulana wa kwanza, hulichukua tena na kumpa mtoto liwe jina lake la kuitwa, ili watu wa kwao wasifutike. Pruitt mwenyewe anaitwa Pruitt kwa kuwa mama yake, Bi Opal, alizaliwa kwa akina Pruitt. Babu yake aliitwa Lawson kwa sababu hiyo hiyo. Ukisikia mvulana anaitwa kwa jina la ukoo, huna haja ya kuuliza mama yake katoka nyumba gani. Umekwisha kuambiwa.

Kwa hiyo watu wote waliokuwa wakipamba makaburi siku ile walinyamaza, wakamtazama mtoto, kisha wakanitazama mimi. Mama mmoja mwenye kofia ya manjano alinitazama tumboni, kana kwamba baada ya miaka yote hiyo bado angeona dalili.

"Amekutangaza," shangazi alinong'ona, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Yule Pruitt amekutangaza mbele ya wafu na walio hai. Marla, hebu jifute huo mchanga magotini."

Sikujifuta. Nilihisi joto likinipanda kifuani na sikulikaribisha. Tangu baba afariki mwezi wa Februari nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata furaha ilipokuja niliiona kama kazi nyingine inayonisubiri.

Pruitt na mimi tulikuwa wachumba. Jioni tulizoea kukaa nyuma ya pikapu yake kule kijitoni, miguu ikining'inia, na siku moja aliniambia mtoto wetu wa kwanza wa kiume ataitwa Hollis. Nilipomwambia baba, aliacha kula akatoka nje, akarudi baadaye macho mekundu akilalamikia moshi. Hakuwa na mtoto wa kiume. Kaka zake walikufa bila kuoa.

Kisha mapafu yake, yaliyokuwa yamejaa vumbi la makaa ya mawe, yakaanza kugoma. Pruitt alipata kazi ya kukarabati madaraja Minnesota, mbali kaskazini, akataka twende wote. Wakati nikiwa bado natafuta la kumjibu, Bi Opal alikuja barazani kwetu. Hakukaa. "Marla," alisema, "wewe ni binti mzuri, sina ubaya na wewe. Lakini umeshaolewa. Umeolewa na kitanda cha baba yako. Mwache mwanangu aende." Nikamwacha. Mwaka uliofuata tulisikia ameoa huko huko. Hakumleta mkewe nyumbani hata siku moja, hata Krismasi, na watu wakasema ni mwanamke wa kaskazini anayejivuna. Halafu tukasikia huyo mke amefariki.

Na sasa Jumapili hii ya Mei, siku ambayo kila aliyezaliwa hapa anarudi kupamba makaburi ya watu wake, Pruitt alikuwa amerudi. Na mtoto.

Bi Opal alinijia moja kwa moja, reki mkononi.

"Umefurahi?"

"Habari za asubuhi, Bi Opal."

"Usinipe habari za asubuhi. Nimekuuliza, umefurahi?"

"Opal," shangazi alidakia, "hiyo reki ni ya kusawazishia mchanga au watu?"

"Iva, nyamaza kwanza. Naongea na huyu." Alinigeukia tena. "Tangu azaliwe sijawahi kulitamka jina hilo. Kwenye simu namwita kipenzi, namwita bwana mdogo, namwita mwanangu. Leo kakimbilia barabarani, na haitiki kwa jina lingine. Umenisikia nilivyolipiga kelele. Kila mtu kanisikia."

"Mimi sikumpa jina."

"Hukumpa, lakini lilitoka kwako. Yule binti maskini alibeba mimba, akazaa, halafu kila kukicha akawa anamwita mtoto wake kwa jina la mchumba wa zamani wa mumewe. Nakuambia mimi mama yake Pruitt: ni aibu. Ndiyo maana hakutaka kukanyaga hapa. Hata mimi nisingekuja."

Nililokuwa nalo lilikuwa swali, nalo lilikuwa chungu.

"Baba alijua?"

"Alijua nini?"

"Kwamba kuna mtoto anaitwa hivyo."

Bi Opal aliliangalia kaburi. Reki ikashuka taratibu mpaka meno yake yakagusa majani.

"Sikumwambia mtu."

"Amekufa akisema jina limeishia kwake. Ulimletea supu, Bi Opal. Ulikaa kwenye kile kiti, akakwambia wewe kwa mdomo wake, na mimi nilikuwepo. Ukamwambia asijali."

"Ningemwambia nini, Marla?" Sauti yake ilikuwa imepungua. "Kwamba lipo, ila kwa mwanamke mwingine? Angelala vizuri zaidi?"

Akageuka na reki yake, akaondoka.

Nilikusanya maua ya kitambaa ya mwaka jana, yaliyopauka kwa jua, nikayatia kwenye gunia na kuyapeleka shimoni nyuma ya uzio, tunakoyachoma. Nilisikia hatua nyuma yangu. Sikugeuka. Nilizijua.

"Pole kwa mzee," Pruitt alisema.

"Asante. Na wewe pole kwa mkeo."

"Ulituma kadi."

"Shangazi ndiye aliyetuma. Mimi niliweka sahihi."

Alicheka kidogo, nami nikageuka. Alikuwa amekonda. Nywele za kando ya masikio zilikuwa zimeingia mvi, na mikono yake ilikuwa na makovu mapya ambayo sikujua yalitoka wapi. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyetoka hospitali, anatafuta kilichopungua. Nami nilimtazama hivyo hivyo. Tulisimama pale, kila mmoja na gunia lake la maua mabovu, na kwa muda hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoa macho.

"Watu wanadhani nimemzaa mimi," nikasema mwishowe.

"Wale wa kwenye meza ya kuku? Nimewasikia. Mmoja kaniuliza kama mtoto ana macho yako."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ana njaa."

Nilitaka kucheka, lakini kicheko kiliishia njiani. Niliuliza lile nililokuwa nimeapa kutouliza, na nilichukia sauti yangu kwa namna ilivyoomba.

"Ulimwita hivyo kwa ajili yangu?"

Alitua gunia chini. Angeweza kusema ndiyo. Ningemwamini, na hakuna mtu duniani ambaye angempinga.

"Hapana," alisema. "Ni mke wangu, Kirsten, aliyelichagua."

"Alinijua?"

"Hakujua kama upo."

Akanieleza akiwa anaangalia shimoni. Alisema kule alikotoka mkewe jina la mtoto huchaguliwa kama rangi ya ukuta, kwa kupendeza tu. Rafiki zake Kirsten wote walikuwa wakiwapa wavulana wao majina ya ukoo. Kulikuwa na Easton mmoja, na Beckett, na Brooks wawili, na hakuna hata mmoja wao mwenye mjomba wala babu wa jina hilo.

"Hakuna hata mmoja?" niliuliza. "Sasa wanayatoa wapi?"

"Wanayasikia, yanawapendeza. Kirsten alikuwa akisema mtoto akiwa na jina la namna hiyo, ukilitaja tu unamwona mwanamume mzima, mtu wa kuaminika, kafunga viatu vyake sawasawa. Na shuleni hakutakuwa na wengine wanne wanaoitika naye."

"Lakini ni jina la watu."

"Kwako na kwangu ni la watu. Kwake lilikuwa zuri tu, halina mwenyewe." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Alikuja jikoni siku moja, tumbo hilo, kashika fremu ya mlango. Akasema, Hollis. Hollis Tidwell. Sikia lilivyokaa. Halafu akaniuliza, kwenu kuna watu wa jina hili?"

Upepo ulitikisa majani juu yetu. Makaburini mtu aligonga ndoo, wengine wakacheka.

"Ukasema?"

"Nikasema hakuna."

"Kwa nini?"

"Ningesema wapo, angeuliza akina nani. Ningemwambia, angelitupa lile jina. Na mimi sikutaka litupwe, Marla. Nilitaka kulisikia ndani ya nyumba."

Hapo ndipo nilipoona uongo huo ulivyofika mbali.

"Ndiyo maana hukumleta."

"Ningemleta vipi? Angeshuka kwenye gari, mtu wa kwanza hapo kanisani angempa mkono na kumwuliza, mama, wewe ni wa akina Hollis wa wapi? Kila Krismasi nilikuwa na kazi. Kila kiangazi daraja lilikuwa halijaisha. Akaishia kuamini kwamba mama yangu hampendi."

"Na mama yako anaamini ni Kirsten aliyekataa kuja."

"Najua."

"Unajua na umekaa nalo."

"Nimekaa nalo." Alinisogelea. "Sasa nimechoka kukaa nalo peke yangu. Nimerudi kabisa, Marla, nimeacha kazi kule. Mtoto alikuwa na miaka miwili tu mama yake alipofariki. Hakumbuki hata sura. Na hapa, umewaona, kila mtu ameshaamua kwamba jina ni lako. Hatutamdanganya mtu. Tutanyamaza tu. Olewa na mimi. Jina lenu analo tayari. Atakua akijua kwamba ni wako, na kila kitu kitakaa mahali pake."

Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akifanya zamani kule kijitoni. Mwili wangu ulimkumbuka kabla yangu.

Nataka ieleweke kwamba nilitaka kukubali. Nilikuwa nimetumia ujana wangu kwa mabeseni, vidonge na bomba la hewa, nikiamka kila kikohozi kilipobadilika. Nyumba ilikuwa kimya sasa, kimya cha kunisukuma nje. Na hapa palikuwa na mwanamume ambaye sikuacha kumpenda hata siku moja, na mtoto mwenye jina la baba yangu, na nilichotakiwa kufanya ni kutosema neno. Kutosema neno ni jambo ninaloliweza sana.

Lakini nilimwona yule mwanamke mlangoni mwa jikoni. Sikuwahi kuona hata picha yake, lakini nilimwona, ametabasamu, anasubiri jibu.

"Ulinyamaza mbele yake," nikasema. "Sasa unataka tunyamaze wawili."

"Marla."

"Ni nini kingine alichomwachia yule mtoto, Pruitt? Sura yake haikumbuki. Sauti haikumbuki. Alikaa akafikiri akamchagulia jina. Na wewe unataka kulichukua unipe mimi kama zawadi."

"Ni jina lako!"

"Langu ni lile ninaloitwa mimi. La mtoto ni la mama yake. Alilipenda bila kutujua, basi ni lake zaidi hata kuliko sisi tuliolikuta tu."

Aliniachia mkono. Usoni alikuwa kama mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni akaambiwa si nyumba hii.

"Unataka nifanye nini?"

"Baada ya chakula wanasoma majina ya waliofariki. Kirsten hajawahi kusomwa hapa."

"Hakuzikwa hapa."

"Na wale waliokufa vitani wamezikwa wapi? Kila mtu anaruhusiwa kusimama amtaje wake. Simama umtaje kwa majina yake yote mawili, la kwako na la kwao, kama tunavyowataja wanawake wetu. Halafu useme nani alimpa mtoto jina. Useme ulivyoulizwa na ulivyojibu."

"Mbele ya mama?"

"Yeye kuliko wote."

Aliokota gunia lake.

"Nikifanya hivyo, utaolewa na mimi?"

"Sijui," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Usipofanya, hapo najua."

Nilimwaga maua yangu shimoni, nikarudi na gunia tupu.

Chakula kilikuwa kimepangwa kwenye meza ndefu za saruji: kuku wa kukaanga, maharage mabichi yaliyopikwa na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, pudini ya ndizi, chai baridi yenye sukari ya kukata meno. Nilijaza sahani ambayo sikuwa na hamu nayo. Yule mama wa kofia ya manjano alinisukumia bakuli la mayai.

"Kula, Marla, unahitaji nguvu. Na mvulana, sikiliza nikwambie, mvulana anachosha."

"Asante, mama."

"Sisi hatusemi kitu. Mambo hutokea."

"Hakuna kilichotokea, mama."

"Ndivyo nilivyosema mimi!" alijibu kwa furaha, akawageukia wenzake.

Mtoto alikuja kukaa kwenye benchi karibu nami, labda kwa sababu mimi peke yangu sikuwa nikimchungulia. Alihangaika na paja la kuku mpaka nikamsaidia kulitoa mfupa.

"Wewe unaitwa nani?" aliniuliza.

"Marla."

"Marla nani?"

"Marla Hollis."

Aliacha kutafuna. "Hollis ni mimi."

"Najua. Na mimi pia ni wa jina hilo. Tuko wengi, wengine wamelala kule kwenye maua."

Alifikiri. "Wewe ulipewa na nani?"

"Baba yangu."

"Mimi je?"

Pruitt alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, sahani mkononi, hajala hata kidogo. Alikuwa amesikia. Macho yetu yalikutana juu ya kichwa cha mtoto.

"Muulize baba yako," nikasema.

Kanisani kulikuwa na joto na harufu ya rangi ya mbao. Mzee Elbert, aliyekuwa akisoma majina tangu nikiwa msichana, alipanda mimbarini akasafisha koo. Alisoma waliofariki tangu Mei iliyopita, na kila jina lilipotajwa watu wake walisimama. "Vester Hollis," alisema. Nilisimama na shangazi Iva. Benchi zima lilikuwa letu, na upande wa kulia na wa kushoto palikuwa wazi. Sikulia. Nilishika tu ubao wa benchi la mbele mpaka tukaruhusiwa kukaa.

"Kuna mwenye mtu wake ambaye hajatajwa?" mzee Elbert aliuliza. Akasubiri. Akaanza kukunja miwani.

"Ninaye."

Pruitt alikuwa amesimama. Bi Opal, pembeni yake, alimtazama kwa mshangao. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, mdomo wazi.

"Kirsten Tidwell," alisema. "Mke wangu. Alizaliwa Sandvik. Amezikwa Minnesota."

Akanyamaza. Watu walingoja, kisha wakaanza kusogeza miguu, na mzee Elbert akafungua kinywa. Pruitt alinitazama. Yalikuwa macho ya kuomba msaada, na ningeweza kumsaidia. Ningeweza kusimama na kumalizia. Maisha yangu yote nimemalizia mambo ya watu wengine. Safari hii nilikaa.

Alimtazama mtoto aliyelala.

"Ni yeye aliyempa mtoto jina. Alilipenda tu. Aliniuliza kama huku kwetu kuna watu wa jina hilo, nikamwambia hakuna. Mnajua kwa nini. Baada ya hapo sikuweza kumleta, kwa sababu mngemwambia. Si kwamba hakutaka kuja. Kila mwaka aliniomba. Alidhani..." Alishika benchi la mbele. "Alidhani mama yangu hampendi."

Kisha Bi Opal akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba wako jikoni kwao:

"Alidhani simpendi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilimshonea mfarishi wa kujifunika. Uko kabatini. Sikumpelekea, nikidhani atautupa."

"Nilipaswa kukwambia, mama."

"Hukuniambia." Alikuwa ameweka kiganja juu ya sikio la mtoto aliyelala, kama wa kumzuia asisikie. "Kaa chini, Pruitt. Kaa, utaanguka."

Mzee Elbert hakujua afanye nini, kwa hiyo akafanya kazi yake. Alivaa miwani na kusoma tena, polepole, akijitahidi na jina geni: "Kirsten Tidwell, aliyezaliwa Sandvik." Na kwa kuwa hapakuwa na ukoo wake wa kusimama, nilisimama mimi. Sijui kwa nini. Shangazi Iva alinivuta sketi, kisha akaacha, akainuka naye huku akinung'unika juu ya magoti yake. Yule mama wa kofia ya manjano alisimama pia, na kofia akaivua. Tukaimba.

Nje, watu walinipita bila kunitazama tumboni. Baadhi yao walionekana kusikitika kidogo, kama waliopokonywa hadithi nzuri. Pruitt alinikuta getini.

"Nimesema," aliniambia.

"Nimesikia."

"Basi?"

"Basi mpeleke mtoto akalale vizuri. Na mimi nikalale."

"Nije lini kukuona?"

Nilimwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuona chochote nyuma yake kilichofichwa. Nilimpenda. Lilikuwa jambo dogo na la kuchosha, kama kugundua kwamba taa haikuzimwa muda wote huo.

"Wapeleke kwanza," nikasema. "Mtoto na mama yako. Wapeleke kwenye kaburi la Kirsten. Mwambie mtoto pale pale nani kampa jina. Mkirudi, ndipo uje."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwa wapi tena, Pruitt?"

Aligusa tena kifundo changu, kidogo tu, akaenda kumbeba mtoto.

Gari lao lilipita polepole kwenye changarawe na kusimama mbele yangu. Bi Opal alishusha kioo. Uso wake ulikuwa umevimba, lakini kofia alikuwa ameshaivaa sawasawa.

"Tunaondoka Alhamisi," alisema. "Ananiambia mwendo ni siku mbili. Mgongo wangu utakoma."

"Bebeni mto, Bi Opal."

"Nitabeba na ule mfarishi." Alitazama mbele, kisha akanigeukia tena. "Sandvik," alisema, akilionja. "Sandvik. Ukilizoea halina kasoro."

"Ni jina zuri."

"Nawaza tu. La kwenu limeshachukuliwa na huyu aliyelala nyuma. Mungu akijalia mwingine, wa kutoka kwako, itabidi aitwe kitu. Sandvik Tidwell. Mtu wa kuaminika kabisa."

"Bi Opal, mimi sijasema naolewa."

"Nani kataja kuolewa?" alisema, akapandisha kioo.

Nilibaki pale vumbi lao likitulia. Shangazi Iva aliniita kutoka kwenye gari letu, kiti chake cha kukunja kwapani, anataka kujua Opal alikuwa anasema nini. Nilijaribu kumwambia, nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kucheka, na kicheko kilikuwa kimechanganyika na machozi ambayo tangu Februari yalikuwa yamekataa kutoka.